Kutoka Kengeleni hadi Jogoo Road: Historia na Masimulizi ya Makanisa ya Kale ya Eastlands

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zina majina ya viongozi wa kwaya yetu, miaka waliyohudumu na nyimbo walizotufundisha. Ukurasa huu unarudi nyuma zaidi. Simama Jogoo Road Jumapili asubuhi, kabla makanga hawajaanza kupiga kelele, utasikia kwaya kadhaa kwa wakati mmoja. Waanglikana wa St Stephen's wako upande wao, Wapresibiteri wa Bahati upande wao, Wakatoliki wa Makadara wanaitikia misa, na waumini wa African Israel wanapita barabarani na ngoma na bendera, kanzu zao nyeupe tupu. Karibu wote wanaimba kwa Kiswahili, na karibu hakuna kati yao aliyezaliwa na mama anayezungumza Kiswahili kama lugha ya kwao. Nyimbo hizi zilifikaje huku? Na yale tunayosimuliana juu ya makanisa haya, tukingojea chai baada ya ibada, yana ukweli kiasi gani?

Tuanze na majina ya mitaa, maana hapo masimulizi ni mengi. Pumwani, wazee husema, ni mahali pa kupumua, kituo cha watu waliochoka kufukuzwa. Huenda ni kweli, huenda ni maneno yaliyotungwa baadaye, lakini kufukuzwa kwenyewe si hadithi. Waafrika wa kwanza wa mji huu walijijengea vijiji vyao wenyewe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipima viwanja Pumwani ikawahamishia watu huko, na mwaka 1939 Pangani nayo ikabomolewa. Wenye nyumba wa Pangani walijengewa makao mapya, na ndipo likaja jina Shauri Moyo: uende au usiende, hilo ni shauri la moyo wako. Kariokor halina fumbo. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, jina la Kiingereza likasagwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Walioitwa Carrier Corps walikufa kwa maelfu mengi, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na leo tunanunua vyondo na viatu mahali penye jina lao.

Pumwani ya mwanzo ilikuwa mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa. Kiswahili kilichosemwa pale kilikuwa cha misikitini na sokoni, na makanisa yalipoingia yalikikuta kimekwisha kukaa. Hili tulikumbuke tunapojisifu kwamba kanisa ndilo lililowaunganisha watu wa Eastlands. Majirani zetu Waislamu wa Majengo walitangulia.

Lakini nyimbo zenyewe zilikuja na reli kutoka pwani, na huko pwani zilikuwa na historia ya machozi. Mwaka 1875 shirika la CMS, likiongozwa na Mchungaji William Salter Price, lilianzisha makao ya watumwa waliokombolewa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Likayaita Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyekuwa amemshinikiza Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa miaka miwili kabla. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi baharini na kuwashusha watu hapo: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, watoto waliosahau hata jina la kijiji chao. Waliotangulia kuwapokea ni Waafrika waliokuwa wamelelewa India, katika makao ya mission karibu na Nasik, nao wakaitwa Wabombay. William Jones, Ishmael Semler na George David ndio waliofundisha, waliohubiri, na bila shaka waliosimama mbele ya watu wakapandisha sauti ya kwanza.

Hebu fikiri mkutano wa namna hiyo. Hakuna wawili wenye lugha moja. Hakuna mwenye shamba la babu wala kaburi la bibi. Kitu pekee wanachoweza kufanya pamoja kwa sauti moja ni kuimba, na lugha pekee inayoweza kuwabeba wote ni Kiswahili. Hapo ndipo ninapoiona kwaya ya Eastlands ikizaliwa, miaka ishirini na minne kabla Nairobi haijakuwako.

Kutoka Freretown tuna simulizi ambalo wengi wetu tumelisikia, la kengele. Mnara wake bado umesimama kando ya barabara, na mahali hapo huitwa Kengeleni hadi leo. Husimuliwa kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kila majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yalipoonekana, ili wakimbie wajifiche. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: kwenye mwaka 1880 matajiri wa Mombasa walikasirika sana kwa kuwa watumwa wao walitorokea Freretown, na tishio la kushambuliwa lilikuwa la kweli. Lakini kengele iyo hiyo iliwaita watu ibadani, shuleni na kazini, na kazi haikuwa hiari sikuzote. Msimamizi wa makao, Streeter, aliwaadhibu watu kwa viboko hata Konsuli Kirk akaja kuchunguza mwaka 1881, na baadaye Streeter akaondolewa. Simulizi la kengele halina viboko hivi. Nadhani ni vizuri tuvijue, kwa sababu waliochapwa pale waliendelea kuimba, tena si kwa sababu wazungu wa mission walikuwa malaika.

Lingine ni la William Jones. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga Oktoba mwaka huo pamoja na wengi wa wapagazi wake. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma Kavirondo na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha waliosalia. Walifika Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, utukufu umeondoka. Vitabu vya Ulaya vimemsifu sana Hannington, na anastahili. Maneno ya ushujaa anayosemekana kuyatamka kabla ya kufa, kwamba amenunua njia ya Uganda kwa maisha yake, yamerudiwa katika mahubiri mamia ya mara. Jones, mtumwa wa zamani aliyetembea maili mamia akiwa na habari ya msiba mkononi, hutajwa kwa mstari mmoja. Katika jubilii ya kwaya, kundi ambalo kazi yake ni kusimama nyuma ya mhubiri, naona si vibaya tukampa aya nzima.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Pamoja na wahandisi na makuli walikuja vijana wa pwani waliosoma shule za mission, makarani, waalimu, watu wa simu, wakiwa na vitabu vya nyimbo katika masanduku yao. Wakaja pia Waluo na Waluhya kutoka ziwani kwa reli iyo hiyo, Wakikuyu na Wakamba kwa miguu. Wakawekwa Muthurwa, Landhies, Makongeni, baadaye Ziwani, Starehe, Kaloleni, na katika miaka ya 1950 mitaa ikashuka kwa mfululizo kando ya Doonholm Road, ambayo baada ya Uhuru ikawa Jogoo Road. Chumba kimoja, wanaume wanne, mke yuko nyumbani mashambani. Mwanamume wa namna hiyo Jumapili angekwenda wapi? Pombe ya manispaa ilikuwepo, mpira ulikuwepo, na kwaya ilikuwepo. Wengi walijiunga na kwaya kwa sababu ya wokovu. Wengine walijiunga kwa sababu mazoezi ya Alhamisi yalikuwa afadhali kuliko kukaa chumbani, na Mungu hakuwakataa.

Walifundishwa kwa solfa. Wazee wetu wachache wanaoweza bado kusoma d, r, m ubaoni bila kinanda ni warithi wa mfumo ulioenezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, aliyetaka hata mfanyakazi maskini asiye na ala aweze kuimba sauti nne. Ulitufaa. Kinanda ni ghali, chaki ni rahisi.

Sasa nafika mahali ambapo vitabu vya jubilii huruka haraka. Sitaruka, kwa kuwa makanisa ya Eastlands hayaeleweki bila miaka ya Hali ya Hatari, na kwa kuwa majina ya mitaa tunayoishi yameandikwa kwa damu ya miaka ile.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwezi uliofuata Tom Mbotela aliuawa hapa Nairobi. Alikuwa kiongozi katika KAU, naye alipinga hadharani njia ya kumwaga damu. Ukoo wake ulitoka Freretown: ni ukoo wa James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 kusimulia jinsi wazazi wao walivyokamatwa na kukombolewa, na ni ukoo uliotupa baadaye sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni. Mwaka 1953 Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, naye akauawa. Halmashauri ikatoa majina yao kwa mitaa mipya: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Watoto wetu huandika majina haya kwenye bahasha na fomu za shule bila kujua kwamba ni majina ya maiti.

Halafu ikaja Operesheni Anvil. Tarehe 24 Aprili 1954, Jumamosi alfajiri, Jenerali Erskine aliuzingira mji kwa askari na polisi wapatao 25,000. Kila mtaa wa Eastlands ulifungwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vyumbani, wakaketishwa chini, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni ambao walitikisa kichwa au kukiinamisha. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa Langata, kisha Mackinnon Road na Manyani. Waliobaki walibanwa katika mitaa iliyozungushiwa seng'enge, Bahati ukiwa mmojawapo.

Angalia kalenda ya mwaka ule. Pasaka ilikuwa tarehe 18 Aprili. Anvil ilianza siku sita baadaye, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya msako ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, wakati kwaya zingali katika nyimbo za ufufuo. Tena, besi, walikuwa wapi? Kwaya ya mjini wakati ule ilikuwa ya wanaume hasa, na katika baadhi ya makanisa nusu yao walikuwa watu wa Kati. Sihitaji kubuni lolote kuhusu Jumapili ile. Kila mwanakwaya anajua jinsi wimbo wa sauti nne unavyosikika safu mbili zikiwa tupu.

Upande wa pili wa habari pia usifichwe. Ndani ya kanisa lile lile walikuwemo waliokula kiapo kwa kupenda uhuru na ardhi yao, waliokula kwa kulazimishwa, na waliokataa wakauawa. Ndugu wa Uamsho, ule moto uliotoka Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka 1937, walikataa kiapo na vilevile walikataa kubeba bunduki ya serikali. Hawakuwa salama kwa yeyote. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, uliimbwa na Wajaluo, Wakikuyu na Wataita kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Kwa kumbukumbu ya waliouawa, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury aliweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, mwaka 1955, na Elimo Njau akachora kutani mwake maisha ya Yesu katika milima na migomba ya Kikuyu. Huku kwetu Wapresibiteri wa Bahati wana kanisa liitwalo Martyrs. Stefano naye, ambaye jina lake liko Jogoo Road, ndiye wa kwanza kupigwa mawe. Nimewahi kusikia vijana wakisema kwamba haya ni majina ya kizungu tu yaliyoletwa na meli. Labda majina yaliletwa. Waliouawa walikuwa wa hapa hapa.

Hali ya Hatari iliisha Januari 1960. Waliotoka Manyani walirudi, wakaketi benchi moja na waliokuwa walinzi wa serikali, na mara nyingine wakaimba kitabu kimoja kwa kuwa vitabu havikutosha. Jinsi walivyovumiliana haikuandikwa katika kumbukumbu za vestri. Makanisa kupitia Baraza la Kikristo la Kenya yalifungua vituo vya jamii katika mitaa hii, madarasa ya ushonaji, masomo ya jioni, michezo ya vijana, na Pumwani kituo cha St John's kinafanya kazi hadi leo. Watu wa mpango wanaweza kueleza kazi ile kwa tarakimu. Mimi huwaza zaidi zile benchi.

Miaka ile ile mambo yalibadilika haraka kanisani. Mei 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu Namirembe, Waafrika wa kwanza wa Kenya kuwa maaskofu wa Kianglikana. Wakatoliki nao, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kupitisha mwongozo wa liturujia Desemba 1963, waliacha Kilatini, ngoma na kayamba vikaingia mlango mkuu. Waanglikana tulichelewa kidogo kuruhusu ngoma; tulikuwa na kinanda cha kulinda. Na mwaka huo huo wa 1963, taifa lilipotaka wimbo, kamati ya watu watano ilichukua sauti ya bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana. Mmoja wa watano hao alikuwa kasisi, Thomas Kalume. Kwa mara nyingine wimbo ulitoka pwani ukaja Nairobi.

Nimalizie na masimulizi ya nyimbo zenyewe, maana waalimu wa kwaya hupenda kuyatoa kabla ya zoezi, nami nimeyasikia yakikua mwaka hadi mwaka. Amazing Grace husimuliwa hivi: nahodha wa meli ya watumwa alikumbwa na dhoruba, akalia kwa Mungu, akawafungua watumwa wote papo hapo, akatunga wimbo. Dhoruba ilikuwepo, Machi 1748. Lakini John Newton aliendelea na biashara ile, tena kama nahodha, hadi mwaka 1754. Wimbo aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya 1773 akiwa padri wa Olney, na hadharani aliikana biashara ya watumwa mwaka 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba. Sauti tunayoimba iliunganishwa na maneno yake Marekani mwaka 1835, yeye akiwa ameshakufa. Mtu akiniuliza, hadithi hii ndefu ni bora kuliko ile fupi. Wajukuu wa watu wa Freretown wanapoimba neema iliyomfikia Newton, ni haki wajue ilichukua miaka mingapi kumfikisha mahali pa kusema wazi.

Mwamba Wenye Imara nao una simulizi: Augustus Toplady alijikinga mvua katika ufa wa mwamba kule Burrington Combe, akaandika maneno palepale kwenye karata. Hakuna ushahidi wa wakati wake. Watu wa kijiji wanaupenda ufa wao, waacheni nao. Hata Kanisa Kuu la Zanzibar, lililojengwa na Askofu Steere penye soko la watumwa, lina nguzo ambazo wageni huambiwa zilisimamishwa kichwa chini na mafundi Askofu alipokuwa safarini. Nguzo zipo, nimeziona. Ziko kichwa chini kweli. Simulizi la namna hii huishi kwa kuwa lina kitu cha kugusa kwa mkono.

Na hapo Eastlands tuna upungufu. Vitu vya kugusa vinaondoka. Nyumba za zamani za Pangani zimekwisha, maghorofa yamesimama mahali pake, na mipango ya kujenga upya mitaa mingine ya kale inaendelea. Mtaa ukihamishwa, waumini hutawanyika Kayole, Utawala, Ruai, Kitengela, na sanduku la bibi lenye kitabu cha Nyimbo Standard kilichoandikwa solfa pembeni kwa penseli hutupwa pamoja na magodoro.

Kamati ya jubilii imetenga kabati moja katika ofisi ya kanisa. Aliye na kitabu cha nyimbo cha zamani, kadi ya ubatizo au ya kipaimara, picha ya kwaya, barua kutoka Manyani au Mackinnon Road, kanda ya kaseti, hata joho lililoliwa na nondo, alilete. Tutanakili na kumrudishia chake. Na wazee wetu waliokuwa vijana mwaka 1954, vijana wa kwaya watawatembelea nyumbani na simu za kurekodia, siku za Jumamosi alasiri, kuanzia mwezi ujao. Tafadhali mama na baba mwenye mzee nyumbani, tuambie ni saa ngapi huwa ameamka usingizi wake wa mchana.